Kupima Njia za Miguu Kariakoo: Tuanze na Mwenye Mzigo



Vipimo vingi vya utembeaji mijini huanza na umbali. Walk Score, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007, huangalia duka, shule na kituo cha basi viko mbali kiasi gani: kilicho ndani ya mwendo wa dakika tano hupata alama kamili, kinachozidi dakika thelathini hakipati kitu. Kwa hesabu hiyo Kariakoo, Dar es Salaam, ingeng'ara. Mitaa yake imenyooka, njia panda ziko karibu karibu, na kutoka Soko Kuu, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, hadi Mtaa wa Msimbazi ni hatua chache.

Lakini nendeni Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi. Gari limepandishwa juu ya njia ya miguu, marobota yanashushwa, mtaro hauna mfuniko. Mtu anashuka barabarani, anakutana na bodaboda, guta na mkokoteni. Mwaka 2006 Holly Krambeck alibuni kipimo kinachohesabu pia vizuizi na usalama wa kuvuka. Ni hatua kubwa, ila kwa Kariakoo naona haitoshi.

Napendekeza mtembeaji wetu wa kupimia awe mwenye mzigo. Mchukueni mama aliyefuata bidhaa za duka lake Mbagala, furushi kichwani, mfuko mkononi. Hawezi kugeuka ghafla kutazama nyuma, hawezi kuruka mtaro, na akishatua mzigo anahitaji mtu wa kumtwisha. Mpimaji amfuate kwa ridhaa yake, aandike ameshuka barabarani mara ngapi, amesubiri kuvuka kwa muda gani, ametua wapi. Upana wa njia upimwe pale palipobana kuliko pote. Wastani unadanganya: njia ya mita mbili ikizibwa mahali pamoja tu, kwake imekatika yote.

Hapo kwenye vizuizi tuwe waangalifu. Meza ya machinga isiandikwe safu moja na gari lililoegeshwa. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara za jiji, na wengi walirudi, kwa kuwa wateja wao ni hao hao wapita njia. Meza inaweza kusogezwa nusu mita ikabaki na mteja wake. Gari linakalia nafasi ya watu kadhaa kwa faida ya mmoja, nalo ndilo liwe la kwanza kuondoka.

Upimaji ufanyike pia usiku, maana tangu Februari 2025 Kariakoo imeruhusiwa kufanya biashara saa 24, na wakati wa masika, maji yanapofunika mitaro. Na wapimaji wa kwanza kuajiriwa wawe wabeba mizigo wenyewe, walipwe kwa siku kama mpimaji mwingine yeyote. Wao wanajua kila kona inayowalazimisha kushuka barabarani.