Kabla Hujabadilishana Gitaa la Besi

Msikilizaji, jamaa ana Fender Jazz Bass ya kale, anataka mbadilishane na Fender Precision Bass yako. Usikubali kwenye simu. Nenda nayo, mzipige zote mbili kwenye spika moja.

Precision ilitoka mwaka 1951, Jazz ikafuata 1960. Precision ina kinasa sauti (pickup) kimoja, na tangu 1957 kimegawanywa vipande viwili; sauti yake ni nene, inabeba bendi nzima. Mpiga besi James Jamerson wa lebo ya Motown aliitegemea hiyo. Jazz ina vinasa viwili, inang'ata zaidi, na shingo yake kule juu ina upana wa takriban milimita 38, wakati Precision nyingi za zamani zina 44. Mwenye vidole vifupi atalielewa hilo haraka kuliko maelezo yangu! Ukipunguza kinasa kimoja cha Jazz, mvumo utausikia. Ukivifungulia vyote sawa, unatulia.

Sasa omba bisibisi. Legeza nyuzi, fungua shingo, utazame kisigino chake: mara nyingi tarehe imegongwa au kuandikwa pale. Chungulia pia nyaya. Risasi mpya ya kulehemu inayong'aa kwenye viungo maana yake mtu amepita humo. Muulize alibadilisha nini. Rangi iliyopakwa upya hushusha bei sana, hata ikipendeza. Zilizotengenezwa kabla kampuni ya CBS haijanunua Fender, Januari 1965, wakusanyaji huzigombania, kwa hiyo yako ikiwa ya enzi hizo na yake ya 1976, akuongezee pesa.

Kama ni Precision inayokulipia kodi kila wikiendi, mimi nisingeitoa.