Rangi na Ukinzani: Mhadhara wa Umma juu ya Taa Ndogo za LED



Elimu yangu ya taa ndogo za LED ilianza kwa aibu. Kwani nilipokuwa kijana nilizifunga sambamba taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, nikazilisha kwa betri ya volti 9 kupitia rezista moja tu, nikitaraji kwamba zingegawana umeme kwa insafu. Kumbe nyekundu iliwaka peke yake, kijani ikawa hafifu mno, na buluu haikutoa hata dalili ya uhai.

Sababu ilikuwa rangi yenyewe. Mwanga wa buluu hubeba nishati nyingi kuliko mwekundu, na LED, ambayo si uzi wa madini uliopashwa moto kama wa balbu bali ni punje ya fuwele, hudai volti kwa kadiri ya nishati ya mwanga wake: nyekundu hutosheka na volti 2 hivi, ilhali buluu, pamoja na nyeupe, ambayo aghalabu ni buluu iliyofunikwa unga wa manjano, huhitaji volti 3 au kuzidi kidogo. Basi zikiwa sambamba, nyekundu huzishusha volti zote hadi 2, na jirani yake hubaki na njaa. Hata tarehe za uvumbuzi zafuata mpangilio huo: Nick Holonyak aliiwasha nyekundu huko Marekani mwaka 1962, na buluu yenye kung'aa ikangojwa hadi miaka ya 1990, kazi iliyowapatia Akasaki, Amano na Nakamura, wazaliwa wa Japani, Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Sasa, taa hii ikishapata volti zake haina tena kiasi. Ongezeko dogo huleta mkondo mkubwa, nayo huungua kimya kimya. Rezista ndiyo hatamu yake. Toa volti za taa katika volti za betri, kisha ligawe salio kwa mkondo utakao: kwa nyekundu, 9 toa 2 ni 7, na 7 kwa ampea 0.02 ni omu 350. Na kwa kuwa madukani utakuta 330 na 390, chukua kubwa. Kwa buluu ya volti 3.2 hesabu hutoka 290, na hapo 330 yafaa. Joto lisikutie hofu, maana ni wati 0.14 tu, na rezista ya robo wati hulistahimili. Nafsi yangu hutumia nusu ya mkondo huo, kwani jicho halioni tofauti kubwa.

Kuziunga taa kwa mfululizo, badala ya sambamba, kuna hukumu nyingine, kwa kuwa mkondo mmoja hupita kwa zote: nyekundu tatu katika volti 12 hushiriki rezista moja ya omu 330 bila ugomvi. Lakini volti hizo 12 zikiwa za gari, injini ikinguruma hupanda hadi 14 na ushei, na aliyehesabu kwa 12 atazizidishia mkondo; basi achukue omu 470.

Nanyi wauzaji, nawasihi: kwenye kifuko cha taa, kando ya jina la rangi, andikeni na volti zake.