Pikipiki ya umeme, lakini umeme uko wapi?

Wandugu vijana wa Kindu,

Lita moja ya esansi ikiungua inatoa kilo 2.3 hivi za hewa ya ukaa. Tena zaidi ya theluthi mbili ya nguvu yake inapotea kama joto tu. Pikipiki ya umeme inapeleka zaidi ya robo tatu ya nguvu yake kwenye gurudumu. Lakini tukiichaji kwa jenereta, moshi haujaisha, umehama tu.

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa Kongo. Mto Lualaba unapita mbele yetu, na usiku tunakaa giza!

Pikipiki za umeme hatuzikatai. Tunadai kwanza umeme wa maji, Kindu nzima. Bila huo, wengine watapata hewa safi, sisi tutabakia na mashimo.

Tusinyamaze!