Maji ya Mlima na Watu wa Kano
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Chepseon)



Nimeombwa niseme juu ya mafuriko ya Kano. Wengine watauliza, sisi watu wa chai huku mlimani yanatuhusu nini? Yanatuhusu, ndugu zangu. Milima yetu hupita mita 2,000. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi. Mvua ikinyesha upande huu wa Kipkelion na Londiani, maji huteremka Mto Nyando, hupita Ahero, halafu huingia ziwani kwenye vinamasi vya mafunjo. Na katika kambi za chai wamo wenzetu wengi ambao kwao ni huko huko Kano.

Wazee wanazikumbuka mvua za 1961. Kati ya mwaka huo na 1964 ziwa lilipanda mita 2 na zaidi. Mwaka 2020 likafikia tena kipimo hicho. Ziwa likijaa, mto hukosa pa kumwaga, maji hurudi mashambani. Aprili na Mei 2024 watu wakahama tena, vyombo kichwani.

Lakini ziwa si sababu peke yake. Mto ukitoka mlimani una mbio, nao umebeba udongo. Ukifika Kano, nchi tambarare kama meza, mwendo hupungua na udongo hutulia chini. Kila mwaka sakafu ya mto huinuka kidogo, watu nao huongeza tuta kandokando, mpaka mwisho mto uko juu kuliko shamba. Tuta likipasuka siku hiyo, maji hayana njia ya kurudi mtoni. Huo udongo ulitoka wapi? Ulitoka huku juu.

Sasa nakuja kwenye kazi yetu. Kati ya 1958 na 1974 wataalamu walipima vijito viwili karibu na Kericho. Bonde la Lagan liliachwa msitu. Katika bonde la Sambret sehemu ya msitu ilikatwa, ikapandwa chai. Ardhi ilipokuwa wazi, maji ya mvua kubwa yalizidi kukimbia. Chai ilipokua ikafunika ardhi, yakapungua tena. Lakini chai ile ilikuwa na mifereji ya kukinga maji, na mfereji ukijaa tope ukaachwa, ni sawa na kutokuwako.

Wako wasemao kosa ni la chai tu. Sikubali. Mahindi yaliyolimwa kufuata mteremko hutoa udongo mwingi kuliko chai iliyofunga vizuri. Na sisi wenyewe, tukipata kishamba chetu, je, hatulimi mpaka ukingoni mwa kijito?

Bwawa la Soin-Koru limezungumzwa miaka mingi, sitalisema leo.

Naomba viongozi wapeleke mambo mawili kwa waajiri. Usafishaji wa mifereji kabla ya mvua za Machi uwe kazi ya kulipwa kwa siku yake, asiongezewe mchumaji baada ya kupima kilo zake. Na mwenzetu ambaye maji yameingia nyumbani kwake Kano apewe ruhusa ya siku chache kwenda kuhamisha watoto, bila kuandikwa mtoro. Kama nafasi ni ya jambo moja tu, basi hili la pili litangulie, maana mvua haziko mbali.