Maya-Maya na N'Djili: Kilomita 26 za Angani

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi mlio makambini na katika vituo vya polisi, jioni hii tuelekeze fikra zetu kwenye mto Kongo. Hapo jirani yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anatazamana uso kwa uso na Jamhuri ya Kongo. Kinshasa iko ukingo wa kusini, Brazzaville ukingo wa kaskazini. Kutoka uwanja wa ndege wa Maya-Maya, Brazzaville, hadi ule wa N'Djili, Kinshasa, ukipima moja kwa moja ni kilomita 26 hivi.

Askari aliyezoea ramani na rula atapiga hesabu upesi: ndege iendayo kilomita 400 kwa saa itaumaliza umbali huo kwa dakika nne. Hesabu yake haina kosa, lakini hakuna rubani awezaye kuifuata. Njia za kurukia katika viwanja vyote viwili zimelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, ilhali safari yenyewe ni ya kusini-mashariki. Kwa hiyo ndege hupaa ikiwa imeupa ubavu mji iuendeao, hupinda, huvuka mto, kisha hupinda tena ili iipate njia ya kutua. Katika muda huo mfupi rubani hana budi kuagana na mnara wa nchi moja na kujitambulisha kwa mnara wa nchi nyingine. Dakika nne zimekwisha kuwa kumi au zaidi, na abiria ametangulia kukaa uwanjani saa mbili kwa ajili ya ukaguzi wa pasi na mizigo. Wengi hupanda boti tu, wala hatuwalaumu.

Twayasema haya kwa sababu wapo waliowahi kuupima umbali huu kwa shughuli za kijeshi. Mwezi Machi 1997, majeshi ya Laurent Kabila yakiwa yanasonga mbele, Ufaransa na nchi nyingine za Magharibi ziliweka askari wao Brazzaville. Walitakiwa kungoja hapo, tayari kuvuka na kuwaokoa raia wao iwapo Kinshasa ingewaka moto. Brazzaville ilihesabiwa kuwa ni mahali karibu pa kutosha kwa kazi, na mbali pa kutosha kwa usalama.

Tarehe 17 Mei Kinshasa ilitwaliwa bila mapigano makubwa yaliyotarajiwa. Haikupita hata mwezi mmoja, tarehe 5 Juni, vita vikalipuka Brazzaville kwenyewe, baina ya serikali ya Pascal Lissouba na wafuasi wa Denis Sassou Nguesso. Askari wa Kifaransa waliokuwa wakingoja msiba wa jirani wakajikuta ndani ya msiba wa mwenyeji wao, wakiwaondoa wageni kwa kupitia Maya-Maya. Kwa maoni yetu, waliopanga mambo yale waliujua vema upana wa mto, ila waliudhani kuwa ni ukuta.

Vita hivyo viliendelea hadi Oktoba. Kabla havijakwisha, makombora yaliyorushwa kutoka upande wa Brazzaville yaliangukia mitaa ya Kinshasa na kuua raia wasiohusika. Kombora halikulazimika kupinda mara mbili, wala kuomba ruhusa kwa mnara wowote.