Madini Machache Katika Chakula Chetu

Jioni hii twapenda kuzungumza juu ya vitu vidogo mno vilivyomo katika chakula cha kila siku hapa Tanzania: ugali, maharage, mchicha, dagaa na chumvi. Vitu hivyo ni madini, yaani iodini, chuma na zinki. Jicho haliyaoni, lakini mwili ukiyakosa hudhoofika.

Twaanza na iodini, ambayo wengi huiita madini joto. Gramu moja ikigawanywa mafungu milioni, mtu mzima ahitaji mafungu 150 tu kwa siku. Hata akiishi miaka 70, iodini yake yote haifiki gramu 4, wala haijazi kijiko cha chai. Lakini ikikosekana, shingo huota rovu. Na mama mja mzito akiikosa, mtoto huweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Nchi za milimani ndizo zisumbukazo zaidi, kwani mvua za karne nyingi zimeiosha iodini udongoni na kuipeleka baharini. Kwa sababu hiyo Uswisi ilianza kuitia katika chumvi mwaka 1922, nayo Tanzania ikaweka sheria ya namna hiyo katika miaka ya 1990. Basi chumvi hiyo yafaa ifunikwe, iepushwe na jua na unyevu, na itiwe chunguni chakula kikikaribia kuiva.

Chuma huiwezesha damu kuchukua oksijeni mwilini. Mwanamke wa umri wa kuzaa ahitaji kama miligramu 18 kwa siku, na mwanamume 8. Maharage na mchicha vinacho. Lakini kuwamo chunguni si kuingia damuni. Chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia chuma kisipite, bali limau au chungwa hukisaidia. Kwa hiyo chai na ingoje kama saa moja baada ya kula.

Zinki humkuza mtoto na kuponya vidonda. Katika mahindi, zinki na chuma hukaa zaidi katika kiini na ganda la punje. Tukikoboa ili tupate sembe nyeupe, sehemu kubwa huondoka na pumba, tukawapa kuku afya ya watoto wetu. Dona huyahifadhi. Ni kweli kwamba katika dona mna kitu kiyafungacho madini hayo, lakini kimea na kuchachusha, kama wafanyavyo mabibi zetu katika kupika togwa, hulegeza kifungo hicho. Maharage nayo yalowekwe usiku kucha. Tena dagaa wachache, wakisagwa na kutiwa katika uji wa mtoto, humpa chuma na zinki ambavyo mwili wake huvipokea kwa urahisi.

Wasikilizaji, hatukutaja kitu kilicho mbali na jiko lenu. Kinachotakiwa ni uangalifu wa kila siku, kwani haba na haba hujaza kibaba.