KUKU SI JAA LA GHALA
Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi juu ya kuhifadhi chakula cha ndege wafugwao



Karibu kila nyumba ya mkulima ina ndege wanaotegemea mkono wa mtu: kuku, bata, kanga au njiwa. Desturi iliyozoeleka ni kwamba mahindi mazuri huenda jikoni na sokoni, na yaliyoota ukungu huchambuliwa yakatupiwa kuku. Mwenye nyumba huona ameokoa chakula, na katibu wa chama huona ameokoa hesabu ya ghala. Makusudi ya maelezo haya ni kuonyesha kwamba hakuna kilichookolewa.

Mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza katika muda wa miezi michache. Kwanza ugonjwa wao haukujulikana. Wataalamu walipofuatilia chakula, waligundua kwamba ndege hao walilishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na kwamba karanga hizo zilikuwa zimeingiwa na kuvu. Sumu iliyoachwa na kuvu hiyo ilipewa jina la aflatoksini, na siku hizi kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Hivyo elimu ya sumu hii ilianzia katika banda la ndege. Madhara yake hayakuishia huko. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu.

Sumukuvu haina harufu wala ladha, na moto wa kupikia hauimalizi. Punje iliyofutwa ukungu ikang'aa huweza kuwa na sumu ile ile ndani yake.

Kuchambua nafaka ni jambo jema, kwa kuwa sumu nyingi hukaa katika punje chache: zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa na zilizogeuka rangi. Lakini kadiri mchambuzi anavyoifanya kazi yake kwa uangalifu, ndivyo sumu inavyokusanyika katika ungo wa makapi. Na ungo huo ndio anaomwagiwa kuku.

Vifaranga vya bata na bata mzinga hudhurika upesi. Kuku huvumilia zaidi, na uvumilivu wake ndio unaomdanganya mfugaji. Hafi siku ile ile. Bali hudumaa, hupunguza kutaga, na mwili wake hushindwa kupambana na maradhi mengine. Mwenyewe husingizia mdondo au kijicho cha jirani, kumbe chanzo kimo katika debe la chakula. Hali kadhalika, ng'ombe anayelishwa makapi hayo hupitisha sehemu ya sumu katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto. Wala kuyapeleka makapi kwenye pombe si dawa, kwani kuchachusha na kuchemsha hakuiondoi sumu.

Kwa sababu hiyo, chakula cha ndege kinastahili heshima ile ile ya chakula cha watu, tangu shambani hadi ghalani. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo mtupu, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi. Kipimo cha haraka ni chupa kavu yenye mahindi na chumvi kavu kidogo. Itikiswe kwa dakika chache. Chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Karanga huhitaji kukauka zaidi ya mahindi. Zikitikiswa katika maganda yake, sharti zisikike zikigonga.

Katibu anayepokea gunia bichi kwa kumwonea haya mwanachama hulipa fedha za mahindi akanunua maji. Zaidi ya hayo, gunia moja lenye unyevu huharibu majirani zake. Inafaa Kamati iweke turubai za kuanikia penye kituo cha kupokelea, ili mwanachama mwenye mahindi mabichi aanike pale pale na asirudishwe nyumbani kwa uchungu.

Ndani ya ghala, magunia yakae juu ya chaga, yakiwa mbali na ukuta, na paa lisivuje. Mzigo uliotangulia kuingia utangulie kutoka. Chakula kilichokwisha kusagwa huharibika mapema kuliko punje nzima. Kwa hiyo kisagwe kwa kiasi cha majuma machache tu. Nafaka isiyokauka isifungwe katika mfuko wa plastiki, kwani unyevu hukosa pa kutokea.

Hatari ya pili huanzia mahali pa kulishia. Waingereza wengi hupenda kuwawekea ndege wa mwitu karanga na mbegu bustanini. Tangu mwaka 2005, ugonjwa wa koo uenezwao na kijidudu cha trikomonasi ulianza kuwashambulia ndege wadogo wanaokutana kwenye vyombo hivyo, kwa njia ya mate yaliyobaki katika chakula na maji. Chiriku mmoja wa kijani wa nchi hiyo alipungua mno, hata mwaka 2021 akaingizwa katika orodha ya ndege walio katika hatari kubwa nchini humo. Watu wale walikusudia wema, lakini chombo kichafu kiliugeuza wema wao.

Somo hilo lafaa katika kila uwanja. Chakula cha kuku kiwekwe katika kihori, kisimwagwe matopeni. Kitolewe kwa kiasi kinachokwisha siku hiyo hiyo. Mabaki yaliyolowa yaondolewe. Chombo cha maji kisuguliwe kila siku na kuanikwa juani. Shomoro na njiwa wa nje wazuiwe wasile pamoja na kuku.

Litabaki swali gumu: je, katika mwaka wa njaa, mtu atawezaje kufukia debe la mahindi? Jibu lake ni kwamba debe lililooza lilikwisha kupotea tangu siku lilipoingizwa ghalani likiwa bichi. Kulifukia ni kuzuia hasara ya pili. Makapi yenye ukungu yafukiwe shimo refu, mbali na mifugo, na uzito wake uandikwe katika daftari la ghala, ili Mkutano Mkuu wa wanachama uone hasara ilivyo na uamue juu ya turubai, chaga na paa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikusudia akiba iliyotunzwa. Msimu wa kuvuna unapokaribia, kila katibu na akague paa la ghala lake kabla gunia la kwanza halijapimwa.